Aurelia na Bakteria Waliokataa Kufa

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, masika yakiwa ndiyo kwanza yameanza kupiga mabati ya maabara, Aurelia alifungua inkubeta, akatoa sahani kumi na mbili za plastiki na kuzipanga mezani kama alivyofanya kila siku ya kazi. Alipofika kwenye ya tisa, mkono wake ulisimama hewani.

Sahani zile hazikuwa kubwa kuliko mfuniko wa kopo la maziwa. Ndani yake mlikuwa na chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliopoa, na juu ya chakula hicho bakteria wanaokausha majani ya mpunga walikuwa wameota hadi wakawa utando wa manjano. Jumamosi Aurelia alikuwa amewamwagia virusi. Si virusi vya kuwaumiza watu; walikuwa virusi wanaokula bakteria peke yao, ambao yeye mwenyewe aliwachota kwenye mfereji wa shamba huko Idete. Kwenye sahani kumi na moja virusi walikuwa wamefyeka kila kitu, pakabaki peupe. Ya tisa nayo ilikuwa nyeupe, ila katikati ya weupe huo palikuwa na nukta saba za manjano, nene, zenye afya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dokta Gosbert, mkuu wa maabara, alipita na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa kukubali jambo. Aliinama, akatazama, akainuka.

"Uchafu huo," alisema. "Kuna kitu kimeingia wakati unafungua. Tupa, urudie."

Kwa kawaida Aurelia angetupa. Mfuko mwekundu wa taka ulikuwa pale pale karibu na goti lake. Lakini alikuwa amefanya kazi kwenye meza ile miaka kumi na saba, na uchafu alikuwa anaujua. Uchafu huja na rangi yake. Mara ukungu wa kijani, mara utelezi wa waridi, na mara nyingi huanzia pembeni. Hizi nukta saba zilikuwa manjano ile ile ya bakteria wake.

"Dokta, naomba wiki mbili," alisema.

"Za nini?"

"Niwaulize hawa saba wamepona vipi."

Dokta Gosbert alikunywa chai yake, akamwangalia, kisha akasema wiki mbili ni nyingi, amempa siku kumi.

Aurelia alizaliwa Idete, mtoto wa nne kati ya sita, kwa mama aitwaye Merina ambaye mpunga wake ulisifiwa mpaka vijiji vya jirani. Utoto wake aliumalizia kwenye majaruba ya mpunga. Miezi ya mashuke alikaa juu ya kichanja akiamia ndege tangu alfajiri, na ndugu zake walikuwa wakimcheka kwa sababu badala ya kuwafukuza tu alikuwa akiwagawa: hawa wanakuja kwa kundi, hawa wawili wawili, hawa wanakula wakiwa wamening'inia, hawa wanaokota chini. Kidato cha nne alikipita kwa alama zisizomfikisha popote. Akaja Ifakara kwa shangazi yake, mtaa wa Viwanja Sitini, na baada ya miezi michache akapata kazi kwenye maabara ya utafiti, kuosha vyombo.

Aliosha vyombo kwa miaka sita. Kila chupa iliyomjia ilikuwa na kibandiko, na kila kibandiko alikiulizia. Wengine walimjibu kwa kifupi ili awaondokee. Fundi mmoja mzee akaanza kumwita kwenye darubini kila mchana watu wakienda kula. Mzee huyo ndiye aliyemsukuma kwenda chuo. Alisoma miaka miwili Morogoro, akarudi na cheti, akavaa koti jeupe na kukaa upande wa pili wa beseni lile lile alilokuwa akioshea.

Kwa hiyo ugonjwa wa mpunga ulipolikamata bonde lao, Aurelia hakuusoma kwenye karatasi. Alikuwa ameuona kwa mama yake misimu mitatu mfululizo. Jani huanza kunyauka kwenye ncha, manjano inashuka pembeni mwa jani kama maji yanayolowanisha kitambaa, mwisho shuke linasimama wima kwa sababu halina kitu ndani, mapepe matupu. Dokta Gosbert alipoanzisha utafiti wa kutafuta virusi wa kuwala bakteria hao, ili siku moja wapuliziwe shambani kama dawa, Aurelia ndiye aliyevua viatu akaingia kwenye mifereji na chupa zake.

Sasa alikuwa na siku kumi. Aliwachukua wale saba, akawaotesha kila mmoja peke yake mpaka wakawa mamilioni, kisha akawamwagia virusi wale wale wa Idete. Hawakufa. Akawamwagia virusi wa namna nyingine, aliowatoa kwenye mto. Wakafa wote, hakuna aliyesalia. Aliliandika jambo hilo kwenye daftari. Hawakuwa wagumu kwa kila adui. Walikuwa wagumu kwa adui mmoja tu, yule aliyewaua wenzao.

Dokta Gosbert hakushtuka. "Inawezekana wamebadilika ngozi," alisema. "Virusi anashika mahali fulani kwenye ngozi ya bakteria kabla ya kuingia. Mahali pale pakibadilika, hana pa kushika. Hilo ni jambo la kawaida, tunalijua tangu zamani."

"Basi nitaangalia kama bado anashika."

Akafanya hivyo. Alichanganya bakteria na virusi kwenye maji, akasubiri dakika kumi, akazungusha mchanganyiko kwenye mashine mpaka bakteria wakatuama chini, kisha akahesabu virusi waliobaki wakielea juu. Kama hawana pa kushika, wataelea wote. Kwa bakteria watano kati ya saba, walielea karibu wote. Dokta alikuwa sahihi, hao walikuwa wamebadilika ngozi. Lakini kwa wawili, namba nne na namba sita, maji ya juu yalikuwa karibu matupu. Virusi walikuwa wameshika, wameingia ndani, na huko ndani wakashindwa.

Kuna kitu ndani, Aurelia alijiambia.

Alikuwa amewahi kusikia kwenye semina habari za bakteria wenye kinga ya kujifunza. Aliikumbuka hivi: kwenye vinasaba vya bakteria wengine kuna mahali panaporudiarudia maneno yale yale, na kati ya kila rudio na rudio kuna kipande kifupi ambacho hakifanani na kingine. Vipande hivyo si vya bakteria. Vimekatwa kwenye mwili wa virusi waliowahi kumvamia yeye au wazazi wake, vikahifadhiwa. Virusi yule akirudi, bakteria analinganisha, anamtambua, anamkatakata. Wakati ule aliliona ni jambo la wenzetu wa mbali, wenye mashine kubwa. Sasa alipekua daftari lake la semina ile, akapata maelezo ya kupima sehemu hiyo, akaandaa PCR, kipimo cha kuzidisha vinasaba.

Ilikuwa siku ya tisa. Vinasaba alivyovizidisha alivipitisha kwenye jeli, akaiweka jeli kwenye taa ya kuangalizia. Mistari ilitokea iking'aa. Wa kwanza kushoto ulikuwa wa bakteria wa kawaida, ambao hawajawahi kukutana na virusi. Kulia kwake namba nne, halafu namba sita. Mistari hii miwili ilikuwa imekaa juu kidogo kuliko wa kwanza. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Lakini ilikuwa juu, na kukaa juu maana yake vinasaba vyake ni virefu zaidi. Kuna kitu kilikuwa kimeongezwa.

Alipima kwa rula. Akakokotoa. Kama herufi sitini na sita za vinasaba. Rudio moja na kipande kimoja.

Dokta Gosbert aliitwa, akaja, akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena.

"Rudia," alisema.

Akarudia mara tatu. Mara zote tatu mistari miwili ilikaa pale pale juu. Dokta alivuta kiti akaketi karibu naye, jambo ambalo Aurelia hakukumbuka kuliona kabla.

"Nilikwambia utupe," alisema taratibu. "Mwite Bryson."

Bryson ndiye aliyekuwa akisoma vinasaba kwa kompyuta. Alikuwa na miaka thelathini, mzaliwa wa Kilimanjaro, mcheshi, anavaa ndala ofisini mpaka wageni waje. Mashine yake ya kusomea haikuzidi simu kwa ukubwa. Aliingia asubuhi iliyofuata, akasema, "Shikamoo dada," akaitikiwa, kisha akachukua vichupa viwili kwa heshima kama amekabidhiwa mayai.

Siku mbili baadaye alimwita. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na msururu wa herufi nne zikijirudia bila nafasi. Aurelia alitoa kaunta buku lake na kalamu mbili. Alinakili kwa mkono: marudio kwa wino mwekundu, vipande vya katikati kwa bluu. Bryson alimwambia kompyuta inaweza kumfanyia hivyo kwa sekunde moja. Aurelia akamwambia yeye si kompyuta, anahitaji kuona. Kufikia saa nne alikuwa na vipande kumi na tisa vya bluu kwa bakteria wa kawaida na ishirini kwa namba nne. Kile cha ziada kilikuwa mwanzoni kabisa mwa msururu.

"Vipya huingizwa mbele siku zote," Bryson alisema. "Vya zamani vinasukumwa nyuma. Sasa tuone hiki kimetoka kwa nani."

Akakichukua kipande kile, herufi thelathini na nne, akaitafutisha kompyuta kwenye vinasaba vya virusi wa mfereji wa Idete. Jibu lilikuja kabla Aurelia hajakaa sawa. Thelathini na nne kwa thelathini na nne. Hakuna hata herufi moja iliyopishana.

Bryson akaanza kucheka, na Aurelia akajikuta naye anacheka, na machozi yakimtoka. Alikuwa amewaona virusi wale wakiwa maji ya tope kwenye chupa. Alikuwa amewaona bakteria wakifa kwa mamilioni. Na hapa, mbele yake, mmoja wao alikuwa amenyofoa kipande cha muuaji katikati ya mauaji, akakiandika kwenye damu yake, tuseme, na kuwaachia watoto. Hilo la watoto ndilo lililomshika zaidi. Mtu akiugua surua akapona, kinga yake anakufa nayo. Mjukuu wake ataanza upya. Hawa walikuwa wanazaliwa wakijua.

Alitoka barazani, mvua ikinyesha, akampigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Kuna usalama?"

"Kuna usalama. Mama, wale wadudu wa mpunga wako wana kumbukumbu. Tukiwaletea adui, anayepona anamkumbuka, na watoto wake wanamkumbuka."

Nyuma ya Mama Merina walisikika bata.

"Wametuzidi," alisema. "Sasa niambie, hiyo dawa yenu si ndiyo hao adui? Mkishaimwaga mwaka wa kwanza wakaikariri, mwaka wa pili mtafanyaje?"

Miezi kumi na minne ya utafiti, na swali hilo hakuna aliyeliuliza namna ile. Aurelia alirudi ndani akalipeleka kwa Dokta Gosbert kama lilivyo, akataja na aliyeuliza. Dokta aliliandika kwenye ubao mweupe na hakuna aliyelifuta kwa mwaka mzima.

Jibu lilikuwa moja: wajue kwanza bakteria wa bonde zima wameshakariri nini. Aurelia akaanza kutembea. Alipanda bodaboda kwenda Idete, alizunguka kingo za Ifakara, alipanda treni hadi Mlimba akilipakata boksi la barafu. Alikata majani mia moja na kumi. Kwa kila jani aliandika shamba, mbegu ilikotoka, na kama mwenye shamba alikumbuka ugonjwa ulianza lini.

Majani ya Idete na Ifakara yalizungumza kwa uwazi uliomshangaza. Vipande vya nyuma kabisa kwenye msururu, vile vya zamani, vilikuwa vile vile kila mahali na kwa mpangilio ule ule. Maana yake bakteria hao wote walikuwa na babu mmoja, na babu huyo alikuwa amepigana vita hizo kabla hawajatawanyika. Vya mbele vilitofautiana. Mifereji miwili iliyopishana hatua mia tatu ilikuwa na kumbukumbu tofauti za juzijuzi. Aurelia aliibandika misururu hiyo ukutani kwa karatasi za rangi, akawa kila asubuhi anasimama mbele yake na kikombe cha chai, akifuata nani alitengana na nani na wapi.

Mlimba haikuzungumza kabisa. Majani thelathini na moja, na kwenye jeli hakuna mstari hata mmoja.

"Hawa hawana kinga," Dokta Gosbert alisema. "Wengi hawana. Kwao dawa itafanya kazi kirahisi, tushukuru."

Aurelia hakushukuru. Aliwamwagia virusi bakteria wa Mlimba, akasubiri, na baada ya siku tatu wakaibuka wenye kupona. Akapima kama virusi wanashika ngozi. Kwa baadhi yao, wanashika na kuingia. Alirudi kwa Dokta na sahani mkononi.

"Wana kitu. Kipimo chetu hakikioni kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya bakteria wa Idete."

Safari hii Dokta hakumwambia atupe. Alimwambia Bryson asome vinasaba vyote vya bakteria mmoja wa Mlimba, mwanzo hadi mwisho.

Ilichukua wiki moja. Bryson alipompigia simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Dada, njoo. Wana kinga, lakini si ile. Ni ya ukoo mwingine."

Siku ile walikaa mpaka chakula cha mchana kikapoa. Bryson alimchorea. Kinga hizi za bakteria, alisema, wataalamu wamezigawa kwenye madaraja makuu mawili. La kwanza, kazi ya kumkata virusi inafanywa na protini nyingi zilizoungana kama genge la wabeba mizigo. La pili, protini moja kubwa inafanya yote peke yake. Hiyo ndiyo iliyogeuzwa mkasi wa kukatia jeni kwenye maabara za dunia na kuwapa watu tuzo kubwa. Chini ya madaraja hayo kuna aina sita, na hivi karibuni imeongezwa ya saba, na chini ya aina kuna vijitawi vingi.

"Na wanajuaje hii ni ya tawi gani?" Aurelia aliuliza. "Kwa jeni ipi?"

"Hapo ndipo pagumu. Hakuna jeni moja ya kukuonyesha ukoo wote. Sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu inaweza kutoka kwa huyu, sehemu ya kukata ikatoka kwa yule. Bakteria wanabadilishana vipande tangu dunia ni dunia. Kwa hiyo wataalamu wanaangalia mambo mengi pamoja: jeni zipi zipo, zimepangana vipi, marudio yana urefu gani."

"Na ile ya kuhifadhi kumbukumbu ilianzia wapi?"

Bryson alitabasamu kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Wanaamini ilitokana na jeni zinazoruka. Zamani zilikuwa wavamizi, zinajichomeka kwenye vinasaba vya wengine. Bakteria akaichukua ile tabia ya kujichomeka, akaifanya iwe ya kuchomeka kumbukumbu. Mwizi amekuwa karani."

Aurelia alifungua kaunta buku. Marudio ya Idete yalikuwa na herufi thelathini na mbili. Ya Mlimba yalikuwa na ishirini na nane, na maneno yake hayakukaribiana. Kinga zote mbili zilikuwa za daraja la genge, tena za aina moja, ila vijitawi viwili vilivyoachana zamani sana. Hakukuwa na kipande hata kimoja cha kumbukumbu walichochangia.

Aliukodolea macho ukurasa ule, na polepole jambo lingine likamfunukia. Siku zote walidhani ugonjwa uliingia bondeni mahali pamoja ukasambaa kufuata reli. Lakini bakteria wa Mlimba hawakuwa wajukuu wa bakteria wa Idete. Ugonjwa uliingia mara mbili. Alipekua maelezo yake ya mashamba. Wakulima wa Mlimba walikuwa wamemtajia mbegu ambayo Idete hakuna aliyewahi kuipanda. Alimwonyesha Bryson kwa kidole. Bryson alisoma mistari ile mara mbili, akavua ndala zake, akavaa viatu, akaenda kumwita Dokta.

Mwezi wa tisa maabara ilipokea wageni, watafiti kutoka nchi tatu na maofisa kilimo wa bonde. Dokta Gosbert aliweka jina la Aurelia kwenye ratiba bila kumwuliza. Alipolalamika, Dokta alisema, "Nani mwingine anayewajua? Mimi niliwaita uchafu."

Aliongea kwa Kiswahili, Bryson akiwatafsiria wageni. Dakika mbili za kwanza alisoma kwenye karatasi. Kisha ikaja picha ya ile jeli, mistari miwili juu ya mmoja, na akasahau kwamba kuna watu. Alieleza namba nne na namba sita kama mtu anayesimulia majirani zake. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele za mvi, alinyoosha mkono na kuuliza kuna faida gani kwa mkulima kujua kinga hii ni ya kijitawi gani; si yote ni kinga tu?

"Tungeziita zote jina moja," Aurelia alisema, "tungetengeneza dawa moja, tukaijaribu Idete ikafaulu, tukaipeleka Mlimba. Kule wamekariri wengine. Mkulima wa Mlimba angesema tumemdanganya, na angekuwa na haki."

Yule mama alisikiliza tafsiri, akaandika, akainua kichwa na kuuliza maswali mengine manne. Wakati wa chai alimfuata Aurelia mezani na kumwomba aone kaunta buku.

Dawa zikawa mbili, kila moja na virusi watatu waliochaguliwa kwa kulinganisha na misururu ya ukutani, wale ambao bakteria wa upande ule hawakuwa na kumbukumbu yao. Bakteria akimkariri mmoja, wapo wawili. Mama Merina alitoa majaruba kumi na mawili ya majaribio, sita ya kupuliziwa na sita ya kuachwa, na akakataa kuambiwa yapi ni yapi mpaka mavuno, akisema asije akayapendelea. Mto ulifurika mwezi wa nne ukazoa mawili, moja la kila upande. Katika kumi yaliyobaki, tofauti ilianza kuonekana kwa macho mwezi wa tano. Matano yalikuwa na mashuke yaliyoinama kwa uzito. Mengine matano yalisimama wima mno. Si kwamba yaliyopuliziwa hayakuwa na ugonjwa kabisa. Aurelia alipata majani ya manjano kila jaruba, akayakata, akayapeleka maabara, na bakteria mmoja miongoni mwao tayari alikuwa na kipande kipya mbele ya msururu. Aliliandika hilo kwenye ripoti kwa herufi kubwa. Mama yake alipoambiwa, alisema, "Basi na nyinyi msilale," akaendelea kupepeta.

Ripoti ilipochapishwa kwenye jarida, jina la kwanza lilikuwa lake. Chuo kikuu kimoja kilimkubali asome shahada akiwa na miaka arobaini na tano, na Dokta Gosbert alimwandikia barua ya kurasa mbili, yeye ambaye barua zake hazikuwahi kuvuka mistari sita. Masomo yalikuwa yaanze mwezi wa kumi.

Lakini mwezi wa nane Bryson alikuwa amemwita tena mezani kwake. Kwenye bakteria mmoja wa shamba moja la Mlimba kulikuwa na msururu wa namna ya tatu, mfupi, na jeni zilizopakana nao hazikukaa vizuri kwenye aina yoyote kati ya zile saba. Huenda ni mabaki ya kinga iliyovunjika. Huenda mashine imesoma vibaya. Huenda ni kitu ambacho bado hakijapewa jina. Bryson alisema anahitaji majani zaidi kutoka shamba lile lile, na kabla hajamaliza sentensi Aurelia alikuwa ameshalishusha boksi la barafu kutoka juu ya kabati.

Alishuka stesheni ya Mlimba saa tano asubuhi, treni ikiwa imechelewa, na alikwenda kwa miguu kwa sababu hakutaka kusubiri pikipiki. Mwenye shamba, mzee Hermenegildi, alikuwa akisafisha mfereji. Walisalimiana, akamwuliza binti huyu wa maabara anatafuta nini tena, si alishachukua majani mwaka jana?

"Mwaka jana nilijua ninachotafuta, mzee," Aurelia alisema akikunja suruali. "Leo sijui. Ndiyo maana nimerudi."

Akaingia majini.